Lenzi za zamani kwenye kamera za leo: maswali yenu na majibu

Safari hii karibu kila aliyetuandikia anauliza kitu kimoja, zile lenzi za enzi za filamu, za kufokasi kwa mkono, watu wanazifukua kwenye makabati ya wazee wao afu wanataka kuzifunga kwenye kamera za kidijitali. Tumechagua maswali yanayowagusa wengi. Yale ya "kamera gani nzuri" tumeyaweka pembeni, mtusamehe.

Shikamoo mtaalamu. Marehemu mjomba aliacha kamera ya Zenit na lenzi yake imeandikwa Helios 44-2. Kamera imekufa ila lenzi bado inazunguka vizuri. Mi natumia Sony a6000, naweza kuifunga? Fundi mmoja kaniambia nitaua sensa. Msomaji, Tanga

Marahaba, na pole kwa kumpoteza mjomba. Huui sensa, kile kidude cha ndani kinachopokea picha badala ya filamu, wala nini. Lenzi hiyo haina umeme hata kidogo, ni vioo na chuma tu, kwa hiyo hakuna cha kuunguza. Inafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, mfumo wake unaitwa M42, yaani upana milimita 42. Sasa cha muhimu ni umbali toka pale lenzi inapokaa mpaka kwenye filamu au sensa. Kwa M42 ni milimita 45.46, kwa Sony yako ni 18 tu kwa sababu haina kile kioo cha kupinduka ndani. Hiyo nafasi ya milimita 27 na kitu ndo inajazwa na adapta, nayo ni kipande cha bomba tu, haina kioo ndani, ndo maana haziuzwi bei mbaya. Omba adapta ya M42 kwenda Sony E.

Ukishafunga kamera itakugomea kupiga, usishtuke, inadhani haina lenzi. Ingia kwenye menyu utafute mahali pa kuruhusu kupiga bila lenzi, iwashe. Weka modi ya A, kamera yenyewe itapima mwanga na kuchagua spidi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, we kazi yako ni fokasi na apecha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Na kwenye apecha hapo utakuta ringi mbili, wengi wanachanganyikiwa: moja inabofya na ina namba, hiyo ni ya kuweka kikomo, nyingine inateleza tu, hiyo ndo inafungua na kufunga kweli. Weka ya namba kwenye f/16 uisahau (kwenye hizi f, namba ndogo ndo tundu kubwa), cheza na hiyo inayoteleza. a6000 haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili na lenzi yenyewe haina pia, kwa hiyo usishuke chini ya 1/100 ya sekunde, ukiona kamera inakupa 1/30 panda ISO, yaani usikivu wa sensa kwa mwanga.

Angalia pia namba ya lenzi pale mbele, kwenye Helios nyingi tarakimu mbili za mwanzo ndo mwaka iliotengenezwa. Utajua kama mjomba aliinunua mpya au na yeye alirithi.

Kaka mi sielewi huu ushamba. Nina lenzi inafokasi yenyewe hadi kwenye jicho la mtu, kwa nini nirudi kuzungusha kwa mkono? Msomaji, Kariakoo

Kama unapiga harusi na bwana harusi anaingia ukumbini anacheza, usirudi! Tumia hiyo hiyo ya kisasa na mteja wako akulipe kwa amani. Sisemi hizi za zamani ni bora, kwa ukali wa picha toka kona mpaka kona lenzi nyingi za leo zinazipiga chini kirahisi, na anayekwambia "vioo vya zamani havina mfano" muulize anauza nini.

Ila kuna mambo mawili. La kwanza hela. Lenzi za 50mm (hizo mm zikizidi, lenzi inavuta karibu zaidi) za kufungua mpaka f/1.8 zilitoka kwa mamilioni maana ndo zilikuwa zinakuja na kamera, kwa hiyo zipo nyingi sana na mara nyingi unaipata chini ya bei ya mpya yenye uwazi huo. La pili ni tabia ya picha, na hapa Helios ya msomaji wa Tanga ni mfano mzuri. Mchoro wake Wasovieti waliuchukua kwenye Biotar 58mm f/2 ya Carl Zeiss Jena, ya Ujerumani, wakaitengeneza kwa miaka mingi kwenye kiwanda cha KMZ kule Krasnogorsk karibu na Moscow na kwingineko. Ukiifungua f/2, ukamweka mtu katikati na nyuma yake kuna majani ya mwembe yanayopitisha jua, ule ukungu wa nyuma unazunguka kama umemzingira mtu. Kitaalamu hiyo ni kasoro, wachoraji wa lenzi wamehangaika miaka kuiondoa, na sisi ndo tunailipia. Kumbuka tu kwenye sensa ndogo za APS-C, kama ya a6000, unaona sehemu ya katikati peke yake, 58mm inakuwa kama 87mm, potreti safi kabisa ila huko kuzunguka kunapungua maana kunakaa zaidi pembeni. Anayekutaka hasa huko kuzunguka atumie fulu fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa saizi ya filamu.

Afu kuna lile ambalo siwezi kulipima. Ukizungusha mwenyewe unaangalia kwanza. Nimeona watu waliokuwa wanarudi na picha mia nne za sherehe moja sasa wanarudi na arobaini, na nyingi zinafaa.

Assalam alaykum. Nilinunua lenzi ya Minolta Rokkor mtandaoni, nikimulika tochi naona kama utando wa buibui ndani. Muuzaji anasema ni vumbi. Msomaji, Mombasa

Waalaykum salaam. Vumbi ni vidoti, halina matawi. Hiyo ni fangasi ndugu yangu, na kwa sisi wa pwani ndo adui namba moja wala si mikwaruzo. Vumbi kidogo ndani ya lenzi ya miaka hamsini ni kawaida na picha haionyeshi chochote. Fangasi ni kiumbe, kinakula, kinakua, na kikikaa muda mrefu kinaacha makovu kwenye ile rangi ya juu ya kioo ambayo hakuna fundi atakayeirudisha.

Kama umeiwahi, fundi anayejua kufungua lenzi anaweza kuifuta na kioo kikabaki salama. Usimpelekee fundi simu tu kwa sababu ana bisibisi ndogo, lenzi ikifungwa vibaya kioo kikakaa upande picha inakuwa kali kushoto na blua, yaani ukungu, kulia, na hapo umeongeza tatizo. Wakati unasubiri itenge na lenzi zingine.

Kwa zile nzima: toa kwenye vile vikasha vya ngozi, vinapendeza lakini ngozi inavuta unyevu na fangasi inaipenda. Tafuta boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka silika jeli, vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na kama unaweza kupata kile kipimo kidogo cha unyevu weka humo, lenga asilimia 40 hadi 50. Mchele mnaoweka kwenye simu iliyoloa hausaidii hapa, unaleta vumbi tu. Na ukitoka chumba cha ukiyoyozi kwenda nje saa sita mchana Mombasa, acha kamera ndani ya begi ipate joto kwanza, la sivyo vioo vinatokwa jasho, na jasho hilo likiingia ndani ndo chakula cha hiyo fangasi. Dawa kubwa kuliko zote ni kuitumia, lenzi inayotoka nje kila wiki haioti fangasi kirahisi kama iliyofungiwa kabatini.

Sasa boss, niko na Canon EOS RP na lenzi ya FD 50mm f/1.4 ya buda. Watoto wangu hawatulii, kila picha blua. Hata nikiweka f/8 hakuna change. Msomaji, Nairobi

Poa sana. Tuanze na hiyo f/8 isiyobadilisha kitu, maana nadhani najua. Adapta nyingi za FD, hizo lenzi za Canon za enzi za filamu, zina ringi yake au swichi yenye maandishi ya kufunga na kufungua. Isipogeuzwa upande sahihi ule mkono wa ndani hausukumwi, we unazungusha namba mpaka f/16 na lenzi imebaki wazi kwenye f/1.4. Chungulia mbele ya lenzi ukizungusha apecha, lazima uone bledi, vile vibati vya ndani vinavyobana tundu, zikijifunga. Usipoziona, geuza ringi ya adapta.

Sasa hao watoto. Kwenye f/1.4 mtu akiwa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali ni sentimita 7 au 8 tu mbele na nyuma kwa jumla, mtoto akiinama kidogo ashatoka. Kumfukuza kwa kuzungusha hutamuweza. Wapiga picha wa magazeti wa zamani hawakuwa wachawi, walikuwa wanasoma zile namba za mita zilizochorwa kwenye lenzi: weka f/8, weka fokasi kwenye mita 3, na kwa 50mm kila kitu toka mita 2 na kidogo hadi mita 4 na kidogo kinakubalika. Usiguse fokasi tena. Waache wakimbie, wakiingia kwenye hilo eneo piga, spidi 1/500 au zaidi. Ukipata 28mm ni raha zaidi, f/8 na fokasi mita 3 na robo, toka kama mita 1.7 mpaka huko mwisho wa macho yote iko sawa, unatembea mjini unapiga tu bila kugusa kitu.

Wakiwa wamelala au wanakula ndo ufungue f/1.4. Washa ule usaidizi wa kamera unaopaka rangi kwenye kingo zilizo kali, ila usiuamini peke yake kwenye f/1.4, unadanganya. Kuza picha kwenye kioo, lenga kope za jicho la karibu.

Lenzi yangu ya Super-Takumar 50mm f/1.4 ina kioo cha njano kama chai ya rangi na mtu kaniambia ina mionzi. Niitupe? Msomaji, Unguja

Usitupe, kama unaitupa nipigie! Ni kweli, kwenye baadhi ya vioo vyake waliweka thoriamu ili kioo kipinde mwanga zaidi, na mionzi hiyo ndo inakipaka njano kadri miaka inavyokwenda. Kupiga nayo picha hakuna shida, mionzi yenyewe ni midogo, usiivunje wala kuisaga na usilale nayo kitandani basi. Njano inapungua kwa mwanga wa UV: jua la asubuhi kwa siku kadhaa, au ile taa ya LED ya saluni ya kukaushia kucha. Ukitumia jua, funika upande wa chini kwa foili na usiiache peke yake, lenzi ikielekea jua inaweza kuwasha moto pazia la dirisha, na jua la mchana linayeyusha grisi ikavuja kwenye bledi. Kama huna haraka, kamera itairekebisha rangi yenyewe.

Nikon yangu ya D3200 inakubali lenzi za M42? Msomaji, Kigoma

Kukubali itakubali, ila haitaona mbali. Nikon inataka milimita 46.5 na M42 ni 45.46, hakuna nafasi ya adapta, kwa hiyo utafokasi vitu vya karibu tu, au ununue adapta yenye kioo ambayo inaharibu ladha yote. Tafuta Nikkor za zamani, zinaingia moja kwa moja bila adapta. D3200 haitapima mwanga nazo, weka modi ya M, ya kupanga kila kitu mwenyewe, piga moja, tazama kioo, rekebisha.

Naanza, ninunue ipi? Msomaji, Dodoma

50mm f/1.8 au f/2 ya jina lolote kubwa, Pentax, Minolta, Canon FD, Olympus, Yashica, ile utakayoikuta karibu ikiwa nzima. Moja tu, ukae nayo miezi kabla hujatafuta ya pili, maana huu ugonjwa ukianza unakuta una lenzi tisa na huna hela ya kwenda popote kuzitumia. Kabla ya kulipa zungusha fokasi mwanzo mpaka mwisho, isikwame wala isilegee, angalia bledi ziwe kavu bila mafuta na zirudi haraka, afu mulika tochi kutokea nyuma uone kama kuna fangasi. Ukinunua kwa mtu wa mbali mwambie akutumie picha ya hiyo tochi.