Bibi alipasuliwa asubuhi moja, kwa nini mjukuu apelekwe bara?

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Mimi ni mama wa Kojani, Pemba. Timu ya macho ilipokuja Wete, mama mkwe wangu alitolewa mtoto wa jicho asubuhi, kesho yake akafunguliwa bandeji na sasa anaona. Binti yangu ana miezi kumi. Mboni zake zote mbili zina weupe, na siku hizi macho yanachezacheza. Yeye hawakumpasua, walituandikia barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam. Kwa nini ugonjwa ni mmoja na tiba ni mbili? Baba yake yuko dago, kambi ya wavuvi, atarudi baada ya miezi minne. Tumngoje? Wazee wanasema ni chamba tu, kitatoka kwa asali.

JIBU: Waalaikumu salaam, mama. Nianze na hilo la kungoja: msingoje.

Mama mkwe wako ameona miaka mingi kabla lenzi yake, iliyo nyuma ya mboni, haijaingia ukungu. Ubongo wake unazijua sura za watu na rangi za kanga. Akiondolewa ukungu, anaendelea pale alipoachia. Binti yako hajapata kuona vizuri hata siku moja. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona kwa picha zinazoingia jichoni, hasa katika miezi ya mwanzo, na uwezo huo wa kujifunza huzidi kufifia hadi miaka saba au minane. Anayezaliwa na ukungu mzito machoni tungependa apasuliwe kabla ya wiki kumi. Kwa hiyo mmeshachelewa, na huko kuchezacheza kwa macho ni dalili kwamba ubongo umekosa picha iliyotulia. Sikuahidi kwamba ataona kama wenzake. Lakini mtoto anayetembea peke yake hadi pwani, akamtambua mama yake kwa mbali, akasoma maandishi makubwa skuli, maisha yake ni mengine kabisa. Miezi minne kwa bibi si kitu. Kwa huyu ni karibu nusu ya umri wake.

Sasa kwa nini Dar. Mzee hupigwa sindano ya ganzi pembeni mwa jicho, analala kimya, na kazi huchukua kama dakika ishirini. Mtoto wa miezi kumi hatulii, kwa hiyo lazima apewe nusu kaputi, na nusu kaputi ya mtoto mchanga inataka mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, pamoja na mashine zake na mahali pa kumwangalia anapozinduka. Hilo halibebwi kwenye gari la timu.

Na jicho lenyewe ni jingine. Lenzi ya mzee ni ngumu, hutolewa na kuwekwa ya bandia. Ya mtoto ni laini, hunyonywa, lakini ule utando wa nyuma tunaoubakisha kwa mzee ukiachwa kwa mtoto mchanga karibu kila mara huingia ukungu upya. Mzee likimpata hilo anakaa kwenye kiti anapigwa mwanga wa leza, basi. Mtoto hakai. Kwa hiyo daktari huufungua utando huohuo siku ya upasuaji na kuondoa sehemu ya ute ulio nyuma yake, kazi inayotaka mashine maalumu. Kisha kuna swali la lenzi ya bandia: jicho la mtoto anapozaliwa lina urefu wa milimita 17 hivi, la mtu mzima 23 au 24. Lenzi inayomfaa leo haitamfaa akiwa na miaka mitano. Wapo madaktari wanaoiweka wakipiga hesabu ya ukuaji, na wapo wanaomwachia mtoto mchanga miwani kwanza, lenzi baadaye. Usishangae ukiambiwa lolote kati ya hayo mawili. Upasuaji wa namna hii hufanyika hospitali kama CCBRT na Muhimbili, au KCMC kule Moshi.

Kuhusu chamba: chamba kipo juu ya kioo cha jicho, ni kovu au utando unaouonea nje. Weupe wa binti yako, kama umo ndani ya mboni, uko nyuma zaidi na hakuna tone linaloufikia. Asali na maziwa ya mama yanaweza kuingiza vijidudu jichoni, tafadhali msitie. Tena si kila weupe wa mboni ni mtoto wa jicho. Saratani ya jicho la mtoto nayo huanza hivyohivyo, na hiyo inaua. Hospitali watampima kwa mashine kuhakikisha. Waombe pia wamsikilize moyo kabla ya nusu kaputi, hasa kama ulipata homa na vipele ukiwa na mimba yake changa, maana huenda ilikuwa rubela, na ugonjwa huo hugusa macho, moyo na masikio kwa pamoja.

Safari. Macho mawili mara nyingi hupasuliwa siku tofauti, ili yakitokea maambukizi yasiyakute yote, kwa hiyo jipangeni kwa wiki mbili au zaidi, na muulizeni ofisa wa ustawi wa jamii msaada wa nauli kabla hamjapanda boti Mkoani. Akianza kikohozi au homa, semeni, wataahirisha. Kuhusu kufunga kula, shikeni saa mtakazopewa: kwa kawaida chakula na uji mwisho muda wa saa sita kabla ya upasuaji, maziwa ya mama muda wa saa nne kabla. Nimewahi kumrudisha mtoto wodini kwa sababu bibi yake alimwonea huruma alfajiri, akampa kipande cha chapati. Sikumlaumu, lakini siku ilipotea.

Mkirudi ndipo kazi yako inapoanza. Matone kwa wiki kadhaa. Miwani mizito, yenye mpira wa kuizungushia kichwani, kuanzia anapoamka hadi anapolala. Ataivua mara mia, mvishe mara mia. Jicho moja likibaki nyuma, wataagiza lile zuri lifunikwe saa kadhaa kila siku ili lile vivu lifanye kazi. Atalia, na jirani watauliza kwa nini unaliziba jicho zima. Tarehe za kurudi kupimwa zisikupite hata kama anaona, kwani presha ya jicho yaweza kupanda miaka mingi baadaye bila maumivu. Jicho likiwa jekundu, likivimba au likitoa usaha, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Baba yake mpigie simu akiwa hukohuko dago, umweleze. Fomu ya upasuaji mzazi yeyote anaitia saini, na wewe ni mzazi.