Wimbo umeenda wapi? Jazi kwa masikio mapya

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Marehemu baba aliacha santuri nyingi za Morogoro Jazz na OK Jazz, nikakua nikiamini jazi naijua. Mwezi uliopita rafiki yangu akanitumia santuri ya Ascension ya mpiga saksafoni John Coltrane, akasema hiyo ndiyo jazi yenyewe. Nimeijaribu mara tatu kwenye simu, sijafika dakika ya sita. Nasikia vurugu tu, wimbo sijui umeenda wapi. Je, ni masikio yangu? Naomba unitajie wapigaji na waimbaji wa kuanza nao. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Masikio yako ni mazima, aliyekosea ni rafiki yako. Ascension ilirekodiwa 1965. Ina wanamuziki 11 wanaopiga kwa karibu dakika 40, na mara nyingi wote wanapuliza kwa pamoja. Coltrane alifika hapo baada ya miaka mingi ya kupiga nyimbo zenye mpangilio wa kawaida kabisa. Kumpa mtu mgeni santuri hiyo ni sawa na kumshusha katikati ya mkondo wa Pemba ili ajifunze kuogelea.

Kwanza tulimalize la majina, maana limewachanganya wengi. Bendi zetu na za Kongo zilijiita Jazz kwa sababu enzi hizo neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa, yenye magitaa na vyombo vya kupuliza, inayochezesha watu ukumbini. Muziki wenyewe ulichota zaidi kwenye rumba ya Kuba kuliko New Orleans, mji wa Marekani ilikozaliwa jazi. Hata hivyo baba hakukuacha mikono mitupu. Unajua tayari kwamba kwenye dansi waimbaji wanamaliza beti zao, halafu linaingia chemko, ile sehemu ya kuchezesha watu, na mtu wa solo anaachiwa uwanja. Jazi nayo inaanza na wimbo wenyewe, kisha zinafuata solo, na mwisho wimbo unarudi. Tofauti iko hapo katikati. Kwenye chemko magitaa yanashika kipande kifupi na kukirudia. Kwenye jazi ya kawaida wanaendelea kuuzunguka wimbo uleule mzima, tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi kadiri wanavyotaka, ila hakuna anayeupiga waziwazi. Mwenye solo anatunga mpya juu yake. Kwa hiyo wimbo haujaenda popote, unapita chini, na anayeubeba ni mtu wa besi.

Na simu ndiyo inayokuficha huyo mtu wa besi. Uzi mnene kuliko yote wa besi kubwa ya kusimama hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakina ubavu wa kutoa sauti nzito kiasi hicho. Unabaki na tarumbeta na saksafoni zinazopaa hewani bila mshika hesabu. Vaa hedifoni, hata zile za bei rahisi, au unganisha simu na redio ya sebuleni. Nimeona wanafunzi wangu wakiacha kulalamika kwa mabadiliko hayo tu.

Sasa tuje kwenye ulichoomba. Sitakupa orodha ndefu ya majina. Nitakupa wimbo mmoja, uusikilize kwa watu watano tofauti, mmoja kila siku. Wimbo ni Summertime wa George Gershwin, kutoka opera ya Porgy and Bess ya 1935. Ni wimbo wa mama anayembembeleza mtoto alale, mfupi, unashikika upesi. Ukihesabu moja hadi nne mara 16 umemaliza mzunguko mmoja. Wakati wa kuhesabu, gonga kidole kwenye mbili na nne. Sisi tumezoea kuangukia moja, ndiyo maana jazi inatuteleza mwanzoni.

Siku ya kwanza anza na Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, walivyourekodi 1957. Armstrong anaupuliza kwanza kwa tarumbeta, taratibu, halafu Ella anauimba. Kisha Armstrong anaimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na mwisho Ella anaimba huku mwenzake akizunguka pembeni kwa sauti zisizo na maneno. Zisikilize hizo sauti zisizo na maneno mara mbili. Armstrong kwa koo anafanya kilekile alichofanya kwa tarumbeta, na ukishalisikia hilo, solo yoyote itaanza kukuingia kama mtu anayeongea.

Siku ya pili nenda kwa Billie Holiday, 1936. Ni chini ya dakika tatu, kwa sababu sahani za santuri za wakati ule zilibeba muda huo tu kila upande. Mikwaruzo ivumilie. Sauti yake haikuwa kubwa wala haikupanda sana, lakini angalia anavyochelewa: bendi inatangulia, yeye anakuja nyuma kidogo kwa makusudi, kama mtu asiyeona sababu ya kukimbilia basi. Waimbaji wengi wa jazi waliomfuata walijifunza hapo.

Siku ya tatu ni Sidney Bechet, 1939, na saksafoni yake ndogo ya soprano. Hakuna mwimbaji, ila utadhani yupo, maana chombo kinalia na kutetemeka mithili ya mtu. Wapo wanaoona mtetemo huo umezidi. Mimi naupenda.

Siku ya nne sikiliza Miles Davis, 1958, akiwa na bendi kubwa iliyopangiwa muziki na Gil Evans. Tarumbeta imezibwa mdomo kwa kizibo, hivyo sauti inatoka nyembamba na ya karibu. Nyuma yake wapulizaji wanarudia kipande kimoja kifupi. Wewe mtu wa Tanga umekulia kwenye taarabu, hakuna haja ya kukufundisha kazi ya waitikiaji.

Siku ya tano ndipo nakurudisha kwa Coltrane yuleyule aliyekukimbiza. Alirekodi Summertime Oktoba 1960, na imo kwenye santuri ya My Favorite Things. Inazidi dakika 11 na haibembelezi mtoto yeyote. Wimbo ni uleule lakini ameugeuza mkali, akimwaga noti kwa kasi huku Elvin Jones akichemka kwenye dramu. Usiache kuhesabu. Ukipotea, sikiliza kinanda cha McCoy Tyner na besi mpaka usikie mzunguko unaanza upya, kisha endelea. Kupotea si aibu, hata wapigaji hupotea, wao wanajua tu kuficha.

Baada ya siku hizo tano utajua mwenyewe nani amekugusa, na humo ndimo pa kuingilia. Aliyekugusa akiwa Ella, tafuta tamasha lake la Berlin la 1960. Akiwa katikati ya Mack the Knife anasahau maneno mbele ya umati, basi anatunga yake papo hapo bila kuacha mdundo. Sijaona mtu aliyeisikiliza asitabasamu. Kutoka hapo nenda kwa Sarah Vaughan, na kwa Nina Simone kama unapenda sauti nzito na hasira ndani yake. Ukitaka mwimbaji aliye hai, Gregory Porter na santuri yake Liquid Spirit ya 2013 hatakusumbua.

Aliyekugusa akiwa Miles, sikiliza Kind of Blue, iliyorekodiwa New York kwa siku mbili tu za 1959, moja Machi na nyingine Aprili. Kama ningeruhusiwa kukupa santuri moja tu, ingekuwa hiyo. Kwenye wimbo wa kwanza, So What, besi ya Paul Chambers ndiyo inayouliza, kinanda kinajibu kwa milio miwili, halafu wapulizaji wanachukua jibu hilohilo. Coltrane naye yumo humo, mpole zaidi. Mpiga kinanda Dave Brubeck na wimbo wa Take Five wa mwaka huohuo ni rahisi kuipenda, ila ukiigongea hesabu ya nne utachanganyikiwa, maana inakwenda kwa tano. Duke Ellington, mpiga kinanda, mtunzi na kiongozi wa bendi kubwa, ni bahari, nakuombea umfikie mapema. Thelonious Monk mwache kidogo, kinanda chake kinasikika kama kimekosea hadi siku utakapogundua hakikosei.

Kuna jambo moja wasomaji wa Kiswahili hulifurahia. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika huko New York, na mwanzoni unamsikia Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akighani maneno ya uhuru kwa Kiswahili. Na Herbie Hancock, kwenye miaka ya mwanzo ya 1970, alijiita Mwandishi. Bendi yake nzima ilichukua majina ya Kiswahili: Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye alikuwa daktari kweli, akaitwa Mganga. Majina yasikudanganye lakini, muziki wa Mwandishi si wa wiki ya kwanza. Ya Weston unaweza kuijaribu sasa.

Hiyo Ascension usiifute. Ukishaweza kumaliza Summertime ya Coltrane bila kupoteza hesabu, sikiliza santuri yake ya A Love Supreme, aliyoirekodi mwishoni mwa 1964: besi inarudia noti nne, na utazikuta noti hizo kila mahali kwenye sehemu ya kwanza. Kisha ifungue tena ile ya rafiki yako, kwa hedifoni. Hata mimi huisikiliza kwa hedifoni, maana nikiiweka sebuleni mke wangu huniuliza kama redio imeharibika.