Kubalehe mapema na saratani ya tezi dume

Ndugu yangu, umeuliza kama kubalehe ukiwa na miaka 11 kunakuongezea hatari ya saratani ya tezi dume. Kubalehe umri huo ni kawaida kabisa; wavulana huanza kati ya miaka 9 na 14. Ni kweli utafiti wa vinasaba wa 2016 ulihusisha kuchelewa kubalehe na hatari ndogo ya saratani kali ya tezi dume, pengine kwa sababu ya homoni, lakini umri ule huwezi kuubadilisha, basi uache. Mimi nimeshtushwa na ulichokitaja mwishoni kama kwa bahati: baba yako aliugua saratani hiyo hiyo. Hilo pekee huongeza hatari takribani mara mbili. Ukifika miaka 45, au hata 40, muulize daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume. Usingoje dalili, mwanzoni mara nyingi hazipo.