Kahawa kali haitokani na kuunguza buni: kwa mnaoanza kukaanga nyumbani

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi, niliseme hili mapema maana ndo linawapoteza wengi: kahawa kali sio kahawa iliyoungua. Huku Mtwara tumezoea ile ya vijiweni, nyeusi tii, chungu, na kashata pembeni, sasa mtu akipata buni zake anaziacha kwenye karai mpaka zinang'aa mafuta na moshi umejaa uani, anaamini hapo ndo nguvu imepatikana, kumbe kapata ladha ya mkaa basi. Na ile ladha ya mkaa inafanana kwa kahawa zote, uwe umenunua buni ya bei mbaya au ya bei chee, ukishaiunguza hakuna atakayejua tofauti. Inauma kwa kweli, kuna mkulima kapanda mlimani, kachuma moja moja iliyoiva, afu wewe unakuja kuimaliza kwa dakika mbili za kujisahau.

Tuanze na buni zenyewe. Sisi wa kusini jirani yetu wa kahawa ni Mbinga, kule Ruvuma, arabika nzuri tu (kahawa ziko aina kubwa mbili, arabika na robusta), mzigo unatoka Songea unapita Tunduru unashuka Masasi mpaka huku, kwa hiyo kama una ndugu au dereva unayemwamini agiza huko kwanza kabla hujahangaika na Moshi au Mbeya. Robusta ndo inatoka mbali, Kagera, na wapo watakaokwambia robusta ni kahawa ya kiwango cha chini, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Arabika ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake, robusta inafika 2.2 hivi, karibu mara mbili, na ndo inayoleta ule uzito mdomoni. Mtu anayetaka kahawa ya kumweka macho, mvuvi anayeingia baharini usiku au dada aliye zamu ya usiku wodini, dawa yake iko kwenye robusta, sio kwenye moto, maana kafeini haiongezeki kwa kukaanga sana.

Kabla ya moto mwaga kwenye ungo uchambue. Nyeusi toa, zilizotobolewa na wadudu toa, zilizovunjika toa, hizo ndogo zinaungua kabla nyingine hazijaiva. Nusa pia, buni yenye harufu ya ukungu haiokolewi na kitu chochote, hata iliki. Na huku pwani unyevu ni adui, hasa Desemba mpaka Aprili mvua zikiwepo, buni nzuri inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 10 mpaka 12 tu, sasa wewe unaweka gunia chini kwenye sakafu ya sementi, mwezi mmoja limeshanyonya maji. Weka juu ya kichanja au kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukipata PB (peaberry), zile buni za mviringo, chukua, zinazunguka vizuri kwenye karai na zinaiva sawasawa.

Sasa moto. Robo kilo kwa mkupuo inatosha, karai liwe zito, mkaa umeshika vizuri hauna moshi, na fanyia nje. Ukishamwaga buni usiache kukoroga, yaani hata simu ikiita iache iite. Zitatoka kijani ziende njano, hapo zinanukia majani makavu, zikianza kuwa kahawia harufu inageuka kabisa inakuwa tamu, na makapi yanaanza kuruka, yapulize yasiungue humo ndani. Kwenye dakika ya nane mpaka ya kumi hivi, buni yenyewe ikiwa na joto la karibu nyuzi 196, utasikia pa! pa! pa! Huo ni mlio wa kwanza. Ukitoa hapo mlio ukiwa unaisha, kahawa inakunywika, ina uchachu mzuri na harufu nyingi, ila kwa ulimi wa huku wengi watakwambia nyepesi.

Baada ya mlio wa kwanza kunakuwa na ukimya, na huo ukimya ndo kazi yenyewe, hapo usiongee na mtu. Rangi inazidi kukolea, moshi unaongezeka, afu kwenye nyuzi 225 hivi unaanza mlio wa pili, huu ni mwembamba na wa harakaharaka, tsk tsk tsk. Kwa fleva nzito mimi natoa mwishoni mwa ule ukimya au nikisikia milio miwili mitatu ya mwanzo ya ule wa pili, zaidi ya hapo mafuta yanatoka nje ya buni na ile harufu uliyoitafuta inaondoka na moshi. Muda wote dakika 10 mpaka 15. Moto ukiwa mkali sana nje inakuwa nyeusi ndani bado mbichi, ukitaka kuhakikisha vunja buni moja uangalie katikati, rangi ya ndani na ya nje zisipishane sana. Moto ukiwa mdogo ukavuta mpaka dakika 25, kahawa inapoa ladha, haina uchungu wala utamu, imekaa tu.

Wanaokaanga korosho hili wanalijua, kitu kikishatoka motoni bado kinaendelea kuiva. Kwa hiyo mwaga haraka kwenye ungo, sio kwenye sufuria, pepeta, weka feni, ndani ya dakika tatu nne ziwe zinashikika kwa mkono. Afu pima. Robo kilo ikibaki gramu 210 hivi umefika katikati, ikibaki 200 imekolea, ikienda 190 ujue umeshaunguza hata kama macho yako yanabisha. Mizani ndogo ya jikoni itakufundisha kuliko mimi.

Usisage saa hiyohiyo. Buni iliyotoka kukaangwa ina gesi nyingi, ikinywewa siku hiyo ladha inakuwa imevurugika, ipe siku moja au mbili kwenye chupa, mfuniko usikaze sana mwanzoni.

Kuchanganya sasa, na hapa ndo napapenda kuliko pote. Kila buni ikaange peke yake, robusta na arabika haziivi kwa mwendo mmoja, ukizitia pamoja karaini, moja itaungua ikisubiri nyingine. Na usianze kwa kuchanganya buni, anza kwenye vikombe. Pika kila moja kivyake kwa kipimo kilekile, chukua kikombe kitupu, tia vijiko vinne vya arabika na kimoja cha robusta, onja. Kingine vitatu kwa viwili, onja. Utasikia mwenyewe pale ambapo robusta inaacha kuibeba arabika na inaanza kuifunika, na ukishapapata unahamishia uwiano huohuo kwenye mizani. Kwa wateja wa kijiweni asilimia 60 arabika na 40 robusta inakubalika sana, nyumbani kwangu ni 80 kwa 20. Robusta usiipeleke kwenye mlio wa pili, ikizidi moto inatoa harufu ya mpira.

Huna robusta? Chukua arabika hiyohiyo ya Mbinga, nusu itoe mapema baada ya mlio wa kwanza, nusu ipeleke mpaka mwanzo wa mlio wa pili, changanya. Ya kwanza inatoa harufu, ya pili inatoa uzito, na mteja atakuuliza umeweka nini.

Kwenye kupika, gramu 60 kwa lita moja ni pa kuanzia, ukitaka kali ongeza kahawa, usiongeze muda wa kuchemsha. Na pima kwa uzito sio kwa kijiko, kwa sababu buni iliyokaangwa sana imevimba na ni nyepesi, kijiko kilekile kinabeba kahawa kidogo. Saga ya leo tu, ukitwanga kwenye kinu chekecha ili unga ulingane, tangawizi na iliki tia ukishaonja kahawa ikiwa peke yake.