Kabla hujapeleka maoni yako kuhusu hataza za dawa

Wiki iliyopita, saa nne usiku, nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa chama cha wagonjwa. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake: "Shikamoo dada. Nimepewa siku kumi kuandika maoni ya chama chetu juu ya rasimu ya mkataba wa biashara, sura ya miliki ubunifu. Kurasa 61. Nimesikia wewe ulishawahi kusimama mbele ya watu wanaojadili mikataba hii. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Ndiyo, nilishasimama. Na kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mnatamani siku moja muitwe kwenye kile chumba chenye vipaza sauti vyekundu, acheni leo niwasimulie nilivyoaibika mle ndani. Sijawahi kuisema hadithi hii yote.

Mimi ni mfamasia. Kabla sijaingia kwenye mambo ya mikataba nilikaa miaka kwenye dirisha la dawa, na anayekaa pale hahitaji kufundishwa maana ya bei. Mtu anasoma karatasi ya daktari, anakuuliza jumla, anahesabu noti mara mbili kama vile zitaongezeka, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Nipe za wiki moja kwanza." Wewe unajua dozi ni ya mwezi. Yeye pia anajua.

Kizazi changu kiliingia kazini kikiwa na ushindi mkononi. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kwamba itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Aprili, kampuni 39 za dawa zilizokuwa zimeishitaki serikali ya Afrika Kusini zikaondoa kesi yao. Novemba likaja Azimio la Doha, ambapo nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kwamba mkataba wa TRIPS, ule wa shirika hilo unaohusu miliki ubunifu, usomwe kwa namna inayounga mkono haki ya nchi kulinda afya ya watu wake. Nilikuwa na azimio hilo ukutani. Nilidhani vita vimekwisha, kumbe vilikuwa vimehamia kwenye mikataba mingine, ile ya nchi na nchi, isiyotangazwa kwenye taarifa ya habari.

Basi tukaitwa kutoa maoni juu ya mkataba mmoja wa aina hiyo. Chama chetu kilinichagua mimi, na sitajifanya mnyenyekevu: nilijiona nimefika. Niliandika waraka wa kurasa 42. Nilishonesha nguo. Tulipofika tukaambiwa kila kundi lina dakika saba.

Dakika nne za kwanza nilizungumzia wagonjwa. Nilizungumza vizuri, hata mwanamke mmoja wa mezani aliacha kuandika akanitazama. Nikapata kichwa. Nikasema nchi inaweza kutoa leseni ya lazima, yaani kuruhusu kiwanda kingine kutengeneza dawa bila idhini ya mwenye hataza, yaani mwenye haki ya kuwa peke yake kuitengeneza kwa muda, ilimradi mwenye hataza alipwe fidia, "kama India ilivyofanya kwa dawa ya saratani ya Glivec."

Wakili mmoja wa upande wa pili, mzee mwenye sauti ya upole, akainua kalamu. "Dada yangu, samahani. Glivec haikutolewa leseni ya lazima. Ile ilinyimwa hataza. Leseni ya lazima ilikuwa Nexavar."

Watu wakacheka kidogo. Kicheko cha adabu, ambacho ndicho kibaya zaidi.

Alikuwa sahihi. Glivec ilifika Mahakama ya Juu ya India, ikaamuliwa tarehe 1 Aprili 2013: kampuni ilitaka hataza kwa umbo jipya la fuwele la dawa ambayo tayari ilijulikana, na kifungu cha 3(d) cha sheria ya hataza ya India kinasema umbo jipya la kitu cha zamani halipati hataza kama halitibu vizuri zaidi. Nexavar, nayo dawa ya saratani, ni habari nyingine. Ile ilikuwa na hataza halali, na Machi 2012 India ikamruhusu mtengenezaji mwingine, Natco, aitengeneze, bei ikashuka kutoka rupia zaidi ya 280,000 kwa mwezi hadi chini ya 9,000, huku Natco akimlipa mwenye hataza asilimia 6 ya mauzo. Hizi ni njia mbili zilizo mbali kabisa. Moja inazuia hataza isizaliwe, nyingine inaiacha iishi lakini inafungua mlango wa nyuma. Mimi, mbele ya watu, nilizifanya moja.

Nilikuwa sijapumua vizuri mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo mnataka kifungu kipi kibadilike, na kisomekeje?"

Nikaanza kufunua karatasi. Kurasa 42, na hapakuwa na jibu hata kwenye mmoja. Mpaka leo nikisikia mtu anafunua karatasi haraka haraka, tumbo linanikata.

Miezi miwili baadaye tuliletewa muhtasari wa kikao. Sehemu yetu ilisomeka: "Wawakilishi wa wagonjwa walieleza wasiwasi wao." Basi. Dakika saba, waraka wa kurasa 42, nguo mpya, vyote vikawa maneno sita. Niliukata mstari ule nikaubandika juu ya meza yangu, pale lilipokuwa Azimio la Doha. Wenzangu waliniambia niutoe. Sikuutoa.

Sasa mdogo wangu, ushauri. Anza na kifungu, machozi yaje baadaye. Wale watu wa mezani hawana ukatili, wengi wao wana mama anayemeza vidonge vya presha kama mama yako. Lakini kazi yao siku ile ni maneno yaliyoko kwenye karatasi, na asiyewaletea maneno amewaletea mapumziko. Andika kifungu kama kilivyo, chini yake andika unavyotaka kisomeke, halafu ndiyo ueleze kwa nini.

Pili, usikimbilie sehemu iliyoandikwa "Hataza". Huko kila mtu anaangalia. Miaka 20 ya hataza tangu siku ya maombi imo ndani ya TRIPS tayari, hutaiondoa kwa waraka wa chama. Tafuta kinachoongezwa juu ya TRIPS. Kuna kurefusha muda wa hataza kufidia ucheleweshaji wa usajili. Kuna kuiunganisha mamlaka ya dawa na ofisi ya hataza, ili jeneriki, yaani dawa ileile inayotengenezwa na kiwanda kingine, isisajiliwe mpaka mwenye hataza akubali, jambo linalomgeuza mkaguzi wa dawa kuwa askari wa kampuni. Hayo mawili utayaona kwa urahisi. La tatu ndilo linalojificha, na hapo naomba utulie.

Linaitwa ulinzi wa data za majaribio. Kampuni ya kwanza kusajili dawa hupeleka kwa mamlaka faili zito la majaribio kwa binadamu. Kiwanda cha jeneriki hakirudii majaribio hayo. Kinathibitisha kwamba kidonge chake, chenye kiambato hai kilekile, kinaingia kwenye damu kwa kiwango na kasi ileile, kisha mamlaka inaegemea faili la kwanza. Kifungu cha 39.3 cha TRIPS kinataka data hizo zilindwe dhidi ya matumizi ya kibiashara yasiyo ya haki, ila hakitaji mwaka hata mmoja. Miaka inatajwa kwenye mikataba ya biashara, na ile ambayo Marekani imesaini na nchi kadhaa inataka angalau 5. Katika miaka hiyo mamlaka haiegemei faili la kwanza. Hataza inaweza kuwa imeisha, imekataliwa au haikuombwa kabisa, na bado jeneriki ikabaki nje ya mlango.

Kama unadhani natia chumvi, angalia kolchisini. Ni dawa ya gauti inayotokana na mmea, imetumika tangu zama ambazo neno hataza halipo. Mwaka 2009 huko Marekani kwenyewe kampuni moja ilifanya majaribio mapya kidogo, ikapewa miaka 3 ya kuwa peke yake kwa ugonjwa huo. Kidonge kilichokuwa kama senti 9 kikafika karibu dola 5. Dawa ni ileile na mmea ni uleule, kilichobadilika ni nani anayeruhusiwa kutegemea faili.

Sasa unganisha na leseni ya lazima, uone mtego. Serikali inajikaza, inatoa leseni, kiwanda kinawasha mashine, halafu mamlaka inasema: samahani, hatuwezi kusajili, data zimefungwa kwa miaka miwili zaidi. Leseni imebaki karatasi ya kufungia karanga.

Tatu, soma tafsiri za maneno na tanbihi. Ndiyo, zile za herufi ndogo. Kwenye kikao kile kile cha aibu yangu kuna bwana alisema hataki nchi ijae "dawa bandia za jeneriki," nami nikampandishia sauti badala ya kumfungulia ukurasa. Tanbihi ya 14 ya TRIPS inaeleza bidhaa bandia ni nini, na inazungumzia alama ya biashara, yaani mtu aliyebandika jina la mwenzake kwenye kopo lake. Hataza haimo. Jeneriki halali ina jina lake na kiwanda chake, na imepimwa. Lakini sheria za nchi zikilegeza neno hilo, watu wanaumia. Kenya ilikuwa na sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na bidhaa bandia ambayo tafsiri yake ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzikumba jeneriki. Wagonjwa watatu wanaoishi na VVU wakaenda mahakamani, na Aprili 2012 Mahakama Kuu ikasema kuitumia sheria hiyo kwa namna inayozuia dawa za jeneriki kunavunja haki ya kuishi, utu na afya. Watu watatu na neno moja! Na Desemba 2008 shehena ya losartani, dawa ya presha, ilizuiwa Uholanzi ikipita tu kutoka India kwenda Brazil, kwa sababu ya hataza iliyokuwako Uholanzi. Tanbihi ya 13, jirani wa ile ya 14, inasema nchi hazilazimiki kuzuia mizigo inayopita njia. Hailazimishi, ila haikatazi pia. Ndiyo maana unaisoma rasimu kuona kama wamelipachika neno "zinazopita" mahali.

Na kama nchi yako imo kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni, angalia usiuze ulichopewa bure: TRIPS inaziruhusu nchi hizo kutotekeleza hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Mkataba wa biashara ukisainiwa vibaya unaweza kuifuta ruhusa hiyo kwa sentensi moja.

Nilirudi kwenye chumba kile baada ya miaka mitatu. Safari hiyo nilikuwa na ukurasa mmoja, na niliandika sentensi hii: "Ulinzi wa data hautazuia usajili wa dawa inayotengenezwa au kuagizwa kwa leseni ya lazima au kwa matumizi ya serikali." Maneno 19. Wakili yuleyule mpole akauliza kuna nani mwingine duniani ameandika kitu kama hicho. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka mitatu. Nikamjibu: Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 inayohusu leseni za lazima za kutengeneza dawa za kupeleka nchi zenye shida ya afya, ambamo wao wenyewe waliuondoa muda wa ulinzi wa data. Akaandika. Hakuinua kalamu tena.

Sentensi iliingia. Sikualikwa kwenye utiaji saini, jina langu halipo popote, na kuna mheshimiwa mmoja amekwisha kuisimulia kama wazo lake. Nimesamehe. Karibu nimesamehe.

Ninaloliona siku hizi ni vijana kupenda picha ya kipaza sauti kuliko kile walichokiendea. Mnapanga mabango wiki mbili na rasimu mnaisoma kwenye gari asubuhi ya kikao. Halafu mkishindwa mnasema wamenunuliwa. Wengine huenda wamenunuliwa, sikatai, lakini wengi hawakuletewa kitu cha kukubali. Soma rasimu. Isome tena. Isome na mwanasheria, na mfamasia, kwa sababu mwanasheria hajui jeneriki inasajiliwaje na mfamasia anachanganya Glivec na Nexavar. Na mfano wowote unaotaka kuutumia, hakiki mwaka wake usiku kabla hujalala. Nalirudia hili kwa sababu mimi sikufanya.

Mdogo wangu, rasimu ya maoni uliyonitumia jana nimeisoma yote. Una moyo na Kiswahili chako kizuri. Ukurasa wa 3, aya ya pili, umeandika kwamba wagonjwa wanahitaji jeneriki "hata kama si dawa halisi." Futa maneno hayo leo, kabla hujaendelea na ukurasa wa 4.