Kucha Nyeusi za Wakimbiaji: Maswali Yenu na Majibu

Kila mazoezi ya Kilimanjaro Marathon yanapopamba moto, barua zinazonifikia huulizia zaidi kucha za miguu kuliko magoti. Nimechagua sita ambazo majibu yake huenda yakawafaa na wengine.

Swali: Shikamoo kocha. Ninajiandaa kwa nusu marathoni hapa Moshi. Kila nikipanda hadi Mweka na kuteremka, vidole gumba vya miguu huniuma, na sasa kucha mbili zimekuwa nyeusi. Wenzangu wanasema hiyo ndiyo alama ya mkimbiaji wa kweli. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Hiyo ni alama ya kiatu kisichokukaa sawasawa, na sioni cha kujivunia ndani yake. Unapoteremka, uzito wa mwili huusukuma mguu mbele ndani ya kiatu, na kidole kilichotangulia kuliko vingine hugonga ncha ya kiatu kwa kila hatua. Katika kilomita 10 za mteremko kidole hicho hugongwa mara maelfu. Mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ukucha hupasuka, damu huvilia mahali ambapo haina pa kutokea, na huo ndio weusi unaouona. Wapagazi wa Kilimanjaro wanaijua vizuri habari hii, kwa kuwa njia ya Mweka huwashusha wageni kutoka kilele cha mita 5,895 hadi chini ya mita 2,000, na asiyefunga viatu vyake vizuri hufika langoni akichechemea.

Anza na kamba. Viatu vingi vya kukimbilia vina tundu la ziada juu kabisa, karibu na kifundo, ambalo watu huliacha wazi. Ingiza kamba ya kila upande katika tundu hilo la upande wake mwenyewe, ukiacha kitanzi kidogo, kisha pitisha kila kamba katika kitanzi cha upande wa pili, vuta na ufunge. Kisigino kitashikwa nyuma, na vidole havitasukumwa tena mbele. Katika mteremko wenyewe fupisha hatua na uziongeze wingi, badala ya kurusha miguu mbele na kujizuia kwa visigino. Kucha nazo zikatwe mapema, siku chache kabla ya mbio ndefu, kwa mstari ulionyooka, na ncha zake zilainishwe kwa tupa, kwa maana anayezichimba pembeni hujitafutia ukucha unaoota ndani ya nyama.

Swali: Mimi hununua raba za mitumba pale Karume. Nitajuaje kuwa zinanitosha, wakati namba ni ileile ninayovaa siku zote?

Jibu: Usiitegemee namba, kwa sababu namba 42 ya kiwanda kimoja inaweza kuwa fupi kuliko 42 ya kiwanda kingine. Nenda sokoni jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana kama inavyovimba katika mbio ndefu, na uende na soksi unazokimbilia. Simama wima katika viatu vyote viwili, kwani kwa watu wengi mguu mmoja ni mrefu kidogo kuliko mwenzake, kisha pima nafasi iliyobaki mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi yetu ni cha pili wala si gumba. Pawepo upana wa kidole gumba cha mkono, yaani kama sentimita moja au moja na nusu.

Mtumba una jambo lake zaidi. Chomoa soli ya ndani na uikanyage chini: vidole vyako vikivuka ukingo wake au kuugusa, kiatu hicho ni kidogo hata kama muuzaji anakuapia. Soli yenye mashimo ya vidole vya mwenyewe wa kwanza ni afadhali uibadilishe, maana mguu wako utakuwa ukiteleza kuyafuata. Kiatu kikubwa kupita kiasi nacho huumiza kucha, kwa sababu mguu huogelea ndani yake na kujigonga vilevile.

Swali: Damu imevilia chini ya ukucha tangu jana na inapwita usiku kucha. Rafiki anataka kunitoboa kwa pini iliyochomwa motoni. Nikubali?

Jibu: Usikubali. Kutoboa ukucha ni tiba halali, na hutuliza maumivu mara moja damu ikiwa bado mbichi, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Lakini ni kazi ya mhudumu wa afya mwenye vifaa safi, kwa kuwa pini ya nyumbani huweza kupeleka vijidudu hadi karibu na mfupa. Nenda zahanati leo. Kabla ya hapo inua mguu na uweke barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Kama maumivu ni madogo, ukucha uachwe kama ulivyo.

Swali: Ukucha wangu umeachia nusu. Niung'oe?

Jibu: Hapana. Kata sehemu iliyolegea tu, osha kwa maji na sabuni, kausha, paka mafuta ya mgando na ufunike kwa plasta. Ukucha mpya wa kidole gumba huchukua miezi 12 hadi 18 kukamilika, kwa hiyo uwe na subira. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa uambukizo hauonekani kwa urahisi. Angalia joto, uvimbe, usaha na maumivu yanayozidi.

Swali: Mama yangu ana kisukari na ameanza kukimbia asubuhi. Ukucha wake umekuwa mweusi lakini hasikii maumivu.

Jibu: Kutosikia maumivu ndiko kunakonitia wasiwasi, kwani kisukari huweza kuua hisia za miguu. Mpeleke kliniki wiki hii, na asikimbie hadi aangaliwe.

Swali: Mimi ni wa Mombasa na nina arusi mwezi ujao. Naweza kupaka hina juu ya ukucha mweusi?

Jibu: Unaweza, ikiwa hakuna kidonda, ila kwanza hakikisha weusi huo ni damu. Weusi wa damu husogea mbele kadiri ukucha unavyoota, na nyuma yake huonekana sehemu safi. Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa watu weusi. Lakini mstari katika ukucha mmoja unaopanuka, usiosogea, au unaoenea hadi kwenye ngozi ya pembeni, uonyeshwe daktari wa ngozi, kwani huenda ni melanoma. Saratani hiyo ndiyo iliyogunduliwa katika kidole cha mguu cha Bob Marley mwaka 1977, naye alifariki mwaka 1981. Piga picha ya ukucha kabla ya kupaka, ili uwe na cha kulinganisha hina itakapofifia. Piko nyeusi usiitumie, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na rangi ya nywele ambayo huweza kuichoma ngozi.