Zumari ya Ireland Isiyopulizwa kwa Mdomo

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitazama video ya mpigaji wa zumari ya mfuko kutoka Ireland. Alikuwa ameketi, mdomo wake haukugusa chochote, lakini sauti kadhaa zilitoka kwa pamoja, na mara nyingine wimbo ulikatika ghafla kisha ukaendelea. Je, pumzi hutoka wapi, na kwa nini mlio wake ni mpole kuliko wa zumari za Scotland? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ala hiyo huitwa uilleann, na kazi ya mapafu hufanywa na kiwiko. Mpigaji hufunga mivukuto kiunoni na kwenye mkono wa kulia. Kila anapoukandamiza mkono huo ubavuni, hewa huingia katika mfuko ulio chini ya kwapa la kushoto, naye huubana mfuko huo ili presha isilegee. Hewa hiyo haina unyevu wa pumzi, kwa hiyo matete, yaani vile vipande vinavyotetema ndani ya mabomba na kutoa mlio, huweza kuchongwa membamba, yakalia kwa upole.

Bomba linalochezwa kwa vidole lina tete la ndimi mbili, kama nzumari ya pwani yetu. Presha ikizidishwa, sauti hupanda hadi oktavu ya pili, yaani noti zilezile zikirudiwa kwa sauti ya juu zaidi, ilhali zumari ya Scotland huishia kwenye noti tisa. Ule mkatiko uliousikia hutokea mpigaji anapoziba matundu yote na kuukandamiza mwisho wa bomba kwenye kipande cha ngozi kilichofungwa pajani, hewa ikakosa pa kutokea.

Sauti nyingine hutoka katika mabomba yanayolala juu ya mapaja. Matatu hushikilia noti moja katika oktavu tatu tofauti bila kubadilika. Mengine matatu hukaa kimya hadi mpigaji abonyeze vitufe vyake kwa ukingo wa kiganja, vidole vikiwa bado vinaendelea na wimbo, na hapo ndipo akordi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, hupatikana. Kwa maoni yangu, huo ndio ufundi mgumu kuliko wote. Si ajabu wanaoanza hupewa mivukuto, mfuko na bomba la vidole tu.

Chama cha wapigaji, Na Píobairí Uilleann, kilianzishwa mwaka 1968 wapigaji walipokuwa wamebaki wachache, na mwaka 2017 UNESCO iliutambua upigaji huu kuwa urithi wa binadamu. Ukitaka kuzipambanua sauti hizo, anza na rekodi za Séamus Ennis au Willie Clancy, hasa nyimbo za mwendo wa polepole, kwani katika zile za kuchezea dansi noti hupita upesi mno kwa sikio lisilozoea.